Mbio za nyika zinastahili nafasi katika Olimpiki ya majira ya baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nieleze maoni yangu juu ya jambo ambalo nahofia litaamuliwa mbali nasi, na sisi tukaja kulisoma gazetini likiwa limekwisha. Naandika kabla ya tarehe 6 Februari 2026, siku ambayo Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi itafunguliwa mjini Milano, Italia, na mashindano mengi ya mlimani yatafanyika Cortina d'Ampezzo na katika mabonde ya jirani. Kila michezo hiyo inapokaribia, kurasa zetu za michezo huileta kwa namna mbili tu: ama picha moja ya Mwafrika aliyeanguka juu ya theluji, na maneno machache ya mzaha chini yake, ama kimya kabisa, kwa imani kwamba mambo ya barafu hayawahusu watu wa ikweta. Safari hii lipo jambo linalotuhusu. Ni pendekezo la kuziingiza mbio za nyika katika Olimpiki ya majira ya baridi, kuanzia ile ya mwaka 2030 itakayofanyika katika milima ya Alps ya Ufaransa.

Anayelisukuma zaidi pendekezo hilo ni Sebastian Coe, rais wa Shirikisho la Riadha la Dunia, ambaye wasomaji wa rika langu wanamkumbuka kama mshindi wa mita 1,500 katika Olimpiki za Moscow na Los Angeles. Shirikisho la baiskeli la dunia nalo linataka mbio zake za baiskeli za kwenye matope, ambazo Ulaya hufanyika majira ya baridi, ziingie kwa mlango huohuo. Wanaopinga ni mashirikisho ya michezo ya theluji na barafu, na hoja yao ni kwamba nyongeza za namna hiyo zitaipotezea michezo yao sura yake ya pekee. Mimi ni mwalimu mstaafu wa michezo, niliyetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kuwakimbiza vijana kwenye vijia vya mashamba ya mahindi, na katika ubishi huu nasimama upande wa Coe, ingawa si kwa sababu zote anazozitoa yeye.

Tutazame kwanza ni nani hasa hushiriki katika michezo hii inayoitwa ya dunia. Ilipoanza Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, mataifa yaliyofika yalikuwa 16, yote ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika ilitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1960 huko Squaw Valley, Marekani, kupitia Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi, jambo ambalo kwa Waafrika walio wengi halikuwa ushiriki wowote. Morocco ilifika Grenoble mwaka 1968. Mwafrika mweusi wa kwanza kuteleza kwa skii, yaani vibao virefu vinavyofungwa miguuni, katika Olimpiki, Lamine Guèye wa Senegal, alifanya hivyo Sarajevo mwaka 1984, yaani miaka 60 baada ya Chamonix. Mwaka 2018, kule PyeongChang nchini Korea Kusini, bara letu lilikuwa na mataifa manane kati ya 92, na magazeti mengi yakaandika kwamba mlango umefunguka. Miaka minne baadaye, Beijing, mataifa ya Afrika yalishuka hadi matano kati ya 91, na wanamichezo wao wote kwa pamoja walikuwa sita, idadi ambayo ingeenea katika basi dogo na viti vingine vikabaki wazi. Hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kupata medali katika michezo hiyo, na Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazijawahi kupeleka mwanamichezo hata mmoja.

Tukiwatazama kwa karibu wale wachache waliofika, tunaona jambo lingine. Shannon-Ogbnai Abeda, aliyeshika bendera ya Eritrea katika Olimpiki mbili, alizaliwa na kukulia Kanada. Mialitiana Clerc wa Madagascar alizaliwa kisiwani huko, lakini alilelewa na familia ya Kifaransa tangu akiwa na umri wa mwaka mmoja, na skii alijifunza Ufaransa. Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya baridi, alizaliwa Kilifi, katika pwani yetu hii ya Waswahili, akahamia Austria akiwa na miaka mitatu, na huko ndiko alikofunzwa mchezo. Mimi nawaheshimu wote watatu. Wangeweza kustarehe bila taabu ya kuiwakilisha nchi ambayo mara nyingi haikuwa na kocha, wala fundi wa kunoa skii, wala senti ya kuwapa. Walichagua kuiwakilisha, na wanaowaita watalii hawaelewi ni alama ngapi za kimataifa mtu hutakiwa kuzikusanya, mlima baada ya mlima, kabla ya kuruhusiwa kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Hata hivyo, ukweli unabaki palepale kwamba njia ya kufika huko hupitia Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Mtoto aliyekulia Mbulu, Kapchorwa au Iten, huku kwetu nyanda za juu za Afrika Mashariki, hana njia hiyo, hata awe na mapafu ya aina gani.

Mmoja aliyetoka nyumbani moja kwa moja ni Philip Boit wa Eldoret, na habari yake inafaa kukumbukwa vizuri zaidi kuliko tulivyozoea kuikumbuka. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata medali ya shaba mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 alipelekwa Finland, kwa udhamini wa kampuni ya Nike, akafundishwe kuteleza kwa skii kutoka mwanzo kabisa, na Februari 1998 alikuwa Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda, kisha akasubiri karibu dakika 20 kwenye mstari wa mwisho, sherehe ya kutoa medali ikiwa imesimamishwa, mpaka Mkenya yule alipomaliza akiwa wa 92, nyuma ya wenzake wote waliomaliza. Wakakumbatiana. Picha ilizunguka dunia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Ulikuwa uungwana mkubwa wa Mnorwe yule, nami sina neno baya juu yake.

Lakini wangapi wanakumbuka kilichofuata katika majira yaleyale ya baridi? Mwezi mmoja tu baadaye, Machi 1998, dunia ilikutana Marrakech kwa mashindano ya ubingwa wa mbio za nyika. Paul Tergat alishinda kwa mara ya nne mfululizo, na timu ya wanaume wakubwa ya Kenya ikatwaa ubingwa kama ilivyofanya kila mwaka tangu 1986 na kama itakavyoendelea kufanya hadi 2003, mara 18 bila kukatika. Nchi ileile, msimu uleule. Katika mchezo mmoja Mkenya alikumbatiwa kwa kumaliza. Katika mwingine wenzake walimaliza wakiwa mbele ya kila mtu. Na ni ule wa kwanza tu uliokuwa na nafasi katika Olimpiki.

Hapa ndipo wapinzani wa pendekezo hutuonyesha Mkataba wa Olimpiki. Ni kweli kwamba mkataba huo unasema wazi kwamba michezo inayohesabiwa kuwa ya majira ya baridi ni ile tu inayochezwa juu ya theluji au barafu. Sipendi kuvunja kanuni, na niliwaadhibu wanafunzi waliokata kona za njia ya mbio. Lakini kanuni inapaswa kupimwa kwa kazi inayofanya. Mashindano ya Beijing ya mwaka 2022 yalifanyika karibu yote juu ya theluji iliyotengenezwa kwa mashine, maji na umeme, kwa kuwa milima ile ilikuwa mikavu. Mbio za kuteleza kwa viatu vya barafu na mchezo wa hoki ya barafu huchezwa ndani ya majumba yenye paa, viti na taa, ambamo hali ya hewa ya nje haina habari yoyote. Hata Nairobi pana barafu ya namna hiyo katika hoteli moja ya Barabara ya Mombasa, na vijana wa Kenya wameunda juu yake timu ya hoki. Kwa hiyo anayeteleza ndani ya ukumbi uliofungwa, katika mji ambao nje yake huenda jua linawaka, anahesabiwa kuwa mwanamichezo wa majira ya baridi, ilhali anayekimbia kilomita 10 nyikani mwezi wa Januari, pumzi ikimtoka kama moshi na matope yaliyogandamana yakimng'ang'ania miguuni, hahesabiwi.

Tena si kweli kwamba wakimbiaji wa nyika hawaijui theluji. Machi 1992 mashindano ya dunia yalifanyika Boston, Marekani, na njia ya mbio katika bustani ya Franklin Park ilikuwa imefunikwa na theluji. Aliyeshinda alikuwa John Ngugi wa Kenya, na ulikuwa ubingwa wake wa tano. Machi 2013 wakakutana Bydgoszcz, Poland, kwenye baridi kali, ardhi ikiwa na theluji na barafu, na aliyewatangulia wanaume wote alikuwa Japhet Korir, Mkenya wa miaka 19. Kama masharti ni kwamba mchezo uchezwe juu ya theluji, basi sisi tumekwisha kucheza juu ya theluji, na tumeshinda juu yake, bila skii. Wapo wanaosema kwamba njia rahisi ni kuufunika mzunguko wa kilomita mbili katika bonde moja la Ufaransa kwa theluji ya mashine, ili andiko la mkataba litimie na kila mtu aende nyumbani ameridhika. Mimi naona kufanya hivyo ni kupoteza maji na umeme kwa ajili ya sentensi moja. Ni afadhali sentensi yenyewe irekebishwe, ikubali pia michezo ambayo msimu wake wa kawaida ni majira ya baridi.

Na msimu wa kawaida wa mbio za nyika ni huo. Mashindano ya kwanza ya kimataifa ya mchezo huu yalifanyika mwaka 1903 nchini Scotland, kati ya mataifa manne ya visiwa vya Uingereza na Ireland, wakati wa baridi, kwa sababu wakimbiaji wa huko walitumia miezi ya baridi kujijenga kabla ya kurudi kwenye viwanja vya majira ya joto. Ndiyo maana hata leo Ulaya hukimbia nyika kuanzia Novemba hadi Machi. Wengi wetu hatujui kwamba mchezo huu ulikuwa ndani ya Olimpiki, tena ya majira ya joto, mara tatu: Stockholm mwaka 1912, Antwerp mwaka 1920 na Paris mwaka 1924. Kilichouondoa ni joto. Katika mbio za Paris, mwezi wa Julai, wanaume 38 walianza katika joto kali, wakaanguka mmoja baada ya mwingine njiani, na 15 tu ndio waliofika mwisho. Paavo Nurmi wa Finland alishinda kama kwamba alikuwa matembezini, lakini waandaaji waliona ya kutosha, na tangu siku ile mbio za nyika hazijarudi katika Olimpiki ya wakubwa. Msomaji atazame tena mwaka huo. Ni mwaka uleule ambao, miezi mitano kabla, michezo ya majira ya baridi ilizaliwa Chamonix katika nchi ileile. Mchezo wa baridi uliuawa na jua la Julai, na Februari ya mwaka huohuo palikuwa pamekwisha kupatikana mahali pa kuuhamishia, lakini hakuna aliyeuhamisha.

Kuhamisha mchezo kungekuwa jambo la kawaida. Kuteleza kwa madoido kwenye barafu kulichezwa kwanza katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908 na ya Antwerp ya mwaka 1920, na hoki ya barafu nayo ilianzia Antwerp. Zote mbili zikaondolewa katika michezo ya kiangazi na kupelekwa zinakostahili. Mwaka 2020 Shirikisho la Riadha lilijaribu kuzirudisha mbio za nyika kwa ajili ya Paris 2024, kwa sura ya mbio za kupokezana za wanaume na wanawake, na ombi likakataliwa. Kwa kusema kweli, sikusikitika sana. Kurudisha mchezo huu katika mwezi wa Agosti kungekuwa kurudia kosa la 1924.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu wenyewe wa jambo hilo. Machi 2007 mashindano ya dunia ya nyika yaliletwa Mombasa, kando ya bahari, na Wakenya walijaa kuwatazama wanariadha wao. Joto na unyevunyevu wa pwani viliwaangusha wakimbiaji wazoefu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, alitoka njiani asimalize, na ubingwa ukachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Miaka 10 baadaye, Machi 2017, ilikuwa zamu ya Kampala. Joshua Cheptegei, akiongoza mbele ya watu wake, aliishiwa nguvu katika mzunguko wa mwisho, miguu ikakataa, akamaliza wa 30, na Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita na kushinda. Cheptegei alipona akawa bingwa wa Olimpiki, na Kampala ilikuwa mwenyeji mzuri. Ninachosema ni kwamba hata mkimbiaji aliyezaliwa karibu na ikweta huukimbia mchezo huu vizuri zaidi penye baridi. Ukiuliza walikotoka mabingwa wenyewe, utatajiwa milima: Nandi, Elgon, Arsi, na kwetu Mbulu na Hanang, ambako asubuhi za Julai watoto huenda shule wamejifunga mashuka.

Nageukia hoja ambayo sikubaliani nayo, ingawa inatolewa na mtu ninayemuunga mkono. Coe amesema mara kadhaa kwamba mbio za nyika zitaiwezesha Afrika kuonekana katika Olimpiki ya baridi. Ni kweli zitawezesha. Lakini ningependa hoja hiyo itajwe mwisho, wala isitangulie, kwa sababu nafasi inayotolewa kwa hisani huondolewa kwa urahisi uleule. Tumekwisha kuona. Mwaka 2018 mchezo wa skeletoni, ule wa kulala kifudifudi juu ya kitelezi na kushuka kwa kasi ya kutisha, ulikuwa na nafasi maalumu kwa mabara yasiyo na washindani wengi, na kwa nafasi hizo Akwasi Frimpong wa Ghana na Simidele Adeagbo wa Nigeria walifika PyeongChang. Kabla ya Beijing nafasi hizo zilifutwa, na wawili hao wakabaki nje. Hawakuulizwa, wala nchi zao hazikuulizwa. Ndiyo maana nasema tuziombee mbio za nyika kwa haki ya mchezo wenyewe: ni mchezo wa kale, una msimu wa baridi, una ubingwa wa dunia tangu 1973, unachezwa na mataifa ya kila bara, na Olimpiki iliwahi kuukubali.

Wapo pia watakaonong'ona kwamba mchezo huu usiingizwe kwa kuwa Waafrika Mashariki watachukua medali zote. Kwanza, si kweli kama inavyodhaniwa. Bydgoszcz mwaka 2013, pamoja na ushindi wa Korir, timu ya wanaume ya Kenya ilikuwa ya tatu. Ethiopia ilishinda na Marekani ikawa ya pili. Jakob Ingebrigtsen wa Norway amekuwa bingwa wa nyika wa Ulaya zaidi ya mara moja, na sidhani kama Wanorwe wangenuna wakimwona katika Olimpiki ya baridi. Pili, mchezo una njia zake za kugawa ushindani: timu huhesabiwa kwa nafasi za wakimbiaji wake wanne wa kwanza, idadi ya wakimbiaji kutoka nchi moja inaweza kupunguzwa kama inavyofanywa katika marathoni, na zipo mbio za kupokezana za wanaume wawili na wanawake wawili, ambazo katika mashindano ya dunia zilikimbiwa kwa mara ya kwanza palepale Kampala mwaka 2017. Tatu, na hili nalisema kwa makusudi, Norway yenye watu wapatao milioni tano na nusu ilichukua medali 37 mjini Beijing, 16 kati yake za dhahabu, na hakuna aliyependekeza kwamba skii ya masafa iondolewe kwa sababu Wanorwe wanaiweza mno. Medali zote za michezo ile ziligawanywa kwa mataifa 29. Mataifa mengine 62 yalirudi nyumbani mikono mitupu. Michezo yenye mgawanyo kama huo haiwezi kuharibiwa na Mganda au Mrundi mmoja kusimama jukwaani.

Kuna hofu moja ninayoikubali. Mbio za nyika zikiingia, huenda wakubwa wa michezo ya theluji wakaona kwamba Afrika imekwisha kupata fungu lake, na ile njia nyembamba iliyobaki kwa wanaoteleza kwa skii ikazidi kubanwa. Mtoto wa Kilifi aliyekulia Austria ana haki yake, na kijana wa Nairobi anayecheza hoki ya barafu naye anayo yake. Kamati zetu zisikubali kuuziwa hili kwa bei ya lile.

Hilo linanifikisha kwenye ombi langu, nalo nalielekeza kwa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania, kwa wenzao wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na kwa vyama vya riadha vya nchi hizo. Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu Juni 2025 ni Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, na michezo ya Milano na Cortina ni ya kwanza chini ya uongozi wake. Nimewasikia watu wakisema kwamba kwa kuwa ni mwenzetu atatutengenezea mambo. Sitaki atutengenezee. Mama yule akionekana anapendelea bara lake, pendekezo litakufa kabla ya kujadiliwa. Kinachohitajika ni barua rasmi kutoka kwa kamati za nchi zinazoujua mchezo huu, zikieleza kwa ushahidi kwa nini kanuni ya theluji na barafu irekebishwe, na zikitaka nafasi za mabara katika michezo mingine zirudishwe. Afrika ina kamati 54 za Olimpiki zenye umoja wao. Sauti zao zikipangwa zina uzito. Wajumbe wa Kamati ya Kimataifa watakutana Milano kabla ya ufunguzi, na programu ya mwaka 2030 bado haijafungwa. Muda wa kuandika ni huu, si baada ya uamuzi.

Kwa upande wetu Tanzania, nadhani tunayo kazi ya ziada ya nyumbani. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, kwa tofauti ndogo mno hivi kwamba waamuzi walilazimika kuiangalia picha. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia, lakini mkimbiaji wa marathoni hatoki hewani. Hujengwa na mbio za nyika akiwa na miaka 15 na 16, na katika shule zetu nyingi mchezo huo hufanyika siku moja kwa mwaka, bila maandalizi, kama adhabu zaidi kuliko mashindano. Chama cha riadha na wizara zinazohusika zikiweka msimu kamili wa nyika, wenye mashindano ya wilaya, mkoa na kanda kati ya Mei na Agosti, wakati mahindi yanapovunwa na hewa ya nyanda za juu ikiwa baridi, gharama yake itakuwa kamba za kuzungushia njia, saa, maji ya kunywa na mtu wa huduma ya kwanza. Hakuna mchezo mwingine wa Olimpiki tunaoweza kuuandaa kwa bei hiyo. Na kama mwaka 2030 mlango wa Alps utafunguliwa, watakaoingia ni wale ambao leo wako darasa la saba na kidato cha kwanza. Walimu wao wangepaswa kuambiwa mapema.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Babati, Manyara.